Jiwe Lisilotoa Povu

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, maboti yakishusha watu hapa Kigoma kila uchao. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwetu Morogoro na cheti changu cha ufundi wa madini, nikapangiwa ofisi ndogo ya madini hapa mjini. Cheti kilikuwa kipya na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Nilikuwa mjuaji, nakiri mbele yako. Mtu akiniuliza kitu nami sikijui, nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni, kwa hiyo nilijibu lolote lililokuja mdomoni, tena kwa sauti kavu ya mtu aliyesoma.

Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu. Mkuu wangu, Mzee Ntakije, Muha wa Kasulu, mtu mzima wa maneno machache, alikuwa amekwenda bandarini kufuatilia mzigo. Ndipo akaingia mzee mmoja mrefu, koti limempwaya, mkononi ana kifurushi cha kitenge. Akavua kofia. Nikamwamkia, akaitika, akaketi pembeni kabisa mwa kiti, nusu amekaa na nusu amesimama, kama walivyoketi wakimbizi wote mbele ya mtu wa serikali. Akasema anaitwa Kasongo, amevuka ziwa na mkewe, na wamepokewa na shemeji yake huko Kasingirima, Ujiji. Alipotamka Kasingirima alishtuka, maana mkimbizi aliyeonekana mjini alipelekwa kambini, naye alikuwa amejitaja mwenyewe.

Akafungua kile kitenge. Mlikuwa na mawe ya kijani, ya kijani kizuri ajabu, yamejaa vifuwele vidogo vinavyong'aa.

"Mama, nilikuwa nataka kujua kama hii ni jiwe ya mukuba," alisema. Mukuba kwao ndiyo shaba. Akanieleza kwamba baba yake na babu yake walikuwa wayeyushaji. Walichukua jiwe la kijani, wakalipika na mkaa ndani ya chungu huku mivuo inapulizia moto, hadi shaba ikajitenga na kushuka chini, wakafua bangili. Yeye aliwasaidia akiwa kijana, na vita vilipokuja, wenzake walibeba masufuria naye akabeba mawe. Mkewe alimcheka njia nzima. Sasa alitaka kurudia kazi ya baba yake, aache kuishi kwa huruma ya shemeji.

Nikalishika jiwe. Nikalikwaruza kwa kisu, likakwaruzika. Nikalisugua kwenye kigae cheupe, likaacha unga wa kijani kilichopauka. Mwanangu, hapo nilikuwa nimefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya chupa ya asidi, kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuinuka. Wiki ile ile asidi ilikuwa imenitobolea sketi, na isitoshe mzee wa watu alikuwa ananitazama kama anavyotazamwa daktari. Nikasema, "Hii ni malakaiti, Mzee. Jiwe la shaba, halina shida."

Akaniuliza kwa upole, "Uko na hakika, mama? Maana kazi hii nitaifanya ndani ya nyumba. Moshi ukionekana, watu watauliza."

Neno hilo lilitosha kumwamsha hata mlevi. Moto wa jiwe, ndani ya chumba, milango imefungwa! Mimi nikacheka kidogo, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanishukuru sana, akaniachia kipande kimoja nimwonyeshe mkuu wangu, akasema anakwenda kuwasha moto leo leo. Nikaandika kikaratasi, "Malakaiti," nikakiweka pamoja na lile jiwe kwenye droo ya jamii yake, nikaendelea kunywa chai. Najua siku hizi nyie mnapiga jiwe picha na simu inawatajia jina. Nacheka, lakini kicheko chenyewe kina uchungu, maana mimi nilifanya hivyo hivyo kwa macho yangu bila hata simu.

Mzee Ntakije alirudi karibu na adhuhuri. Akavuta droo, akasoma karatasi, akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi.

"Ulitia asidi?"

Nikalitazama kabati. Hakugomba. Alitoa chupa, akachukua malakaiti yetu ya ofisini, akaidondoshea tone moja. Ikachemka, povu likapanda. Akadondoshea jiwe la Mzee Kasongo. Tukainama wote wawili, tukasubiri. Hakuna povu. Tone likageuka kijani polepole, jiwe linayeyuka kimyakimya, basi.

"Labda lile tone lilikuwa dogo," nikasema. Unaona ujuaji ulivyo? Hata hapo nilikuwa bado najitetea.

Akaniambia niangalie vizuri. Malakaiti yetu ilikuwa na mistari laini, kijani kilichokolea juu ya kijani chepesi. Hili lilikuwa na mng'ao wa kioo na vifuwele vyenye ncha. Akavunja kichembe, akakiweka juu ya kipande cha mkaa, akakipulizia mwali wa moto kwa kibomba chembamba. Mara ofisi ikanuka kitunguu saumu. Mzee Ntakije alizima moto, akanivuta kwa mkono, akasukuma dirisha.

"Mna aseniki humu, sumu kali," akasema. "Jiwe hili na malakaiti ni jamii mbili tofauti. Hatuyapangi mawe kwa rangi, binti. Tunayapanga kwa kile kilichoshikana na shaba ndani yake. Mwenye jiwe yuko wapi?"

Nikamwambia yote, hadi lile neno la ndani ya nyumba. Wala hakunifokea, na afadhali angefoka. Alichukua funguo za pikipiki na kusema, "Panda."

Njia ile ya kwenda Ujiji sijawahi kuiona ndefu vile. Nilikuwa nahesabu moyoni: atakuwa ameshafika, atakuwa anavunja mkaa, labda anatafuta chungu, labda mkewe amemchelewesha. Nilikuwa namwomba Mungu amcheleweshe.

Tulipofika Kasingirima nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilishuka na kitambulisho changu cha kazi shingoni, nikaanza kuuliza kwa sauti, "Mzee Kasongo, yule mkimbizi, anakaa wapi?" Mwanangu, watu wa Ujiji wana ndugu ng'ambo ya ziwa tangu enzi na enzi. Nani angemtoa ndugu yake kwa binti wa serikali aliyekuja na pikipiki? Wakanijibu, hatumjui. Hapa hakuna mkimbizi. Mlango mmoja ukafungwa, na mwingine, na mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaingia ndani akaacha dagaa wake. Nilitaka kulia. Dakika zilikuwa zinakwenda, na kila nilivyozidi kuuliza ndivyo nilivyozidi kumficha.

Mzee Ntakije akaniambia nivue kile kitambulisho. Yeye akamwendea bibi mmoja kizingitini, akachuchumaa, akamwamkia kwa Kiha, taratibu, kama hana haraka yoyote, wakati shingo yake ilikuwa inamwaga jasho. Akamweleza kwamba hatukuja kumkamata mtu, kwamba mgeni wao anapika sumu bila kujua kwa sababu sisi ofisini tulimpa jibu baya. Alisema sisi. Hakusema huyu binti. Bibi akatutazama kwa muda, kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba ya tatu.

Tulikuwa bado hatujafika mlangoni nikasikia ile harufu ya kitunguu saumu. Nikapiga kelele jina lake. Mzee Ntakije akausukuma mlango kwa bega. Ndani moshi mweupe ulikuwa umetanda, Mzee Kasongo ameshika mivuo huku anakohoa, macho yanamtiririka, na mkewe, Mama Furaha, amelala mkekani, amejitapikia, maana alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye malaria na hakuwa na nguvu za kuinuka. Tulijifunga kanga puani, tukawaburura hadi uani. Majirani wale wale waliofunga milango ndio waliowabeba na kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Walipona. Nasema walipona kwa sababu walitoka hospitali wakiwa hai. Mzee Kasongo alikaa siku chache. Mama Furaha alikaa muda mrefu, na kutapika kulipokwisha, miguu ikaanza kufa ganzi. Kipande cha jiwe tulikipeleka makao makuu, na jibu likaja: aseneti ya shaba na zinki, yaani shaba na zinki zilizoshikana na aseniki. Mzee Ntakije akanipa karatasi mpya niandike, nikalitoa lile jiwe kwenye droo ya kaboneti, jamii ya malakaiti, na kulipeleka kwenye droo yake. Kazi hiyo ilinichukua dakika moja.

Siku moja Mzee Kasongo akaja ofisini. Safari hii aliketi kiti kizima. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mama, wewe ndiye ulituokoa. Nawaambia watu wote, binti wa mawe alikuja kutuokoa. Aksanti sana."

Mzee Ntakije alikuwa anaandika. Akaacha kuandika, lakini hakuinua kichwa na hakunisaidia. Ningeweza kuipokea ile shukrani, mwanangu. Hakuna ambaye angejua. Nilibaki na mikono yangu ndani ya mikono yake, mpaka nikasema, "Mzee, mimi ndiye niliyewatia kwenye ule moshi. Sikulipima jiwe lako. Nilibahatisha."

Aliiachia mikono yangu. Kisha akasema, "Nilikuona haukupima. Kule mugodini nilikuwa nafanya kazi, niliona wakubwa wanamwanga dawa ya asidi juu ya jiwe kwanza, mbele ya kusema jina yake. Wewe haukumwanga. Lakini nilitaka sana ikuwe mukuba." Akavaa kofia. "Sasa kuja. Hayo maneno utamwambia bibi yangu mwenyewe."

Nikaenda. Mama Furaha alikuwa ameegemea ukuta uani, miguu ameinyoosha juani. Nikapiga magoti na kumwambia yote, kuanzia sketi yangu iliyotobolewa hadi kicheko changu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, akasema tu, "Nikande miguu."

Nikamshika miguu yote miwili, nikakanda kwa nguvu zangu zote, nyayo, visigino, vidole, hadi mikono ikaniuma. Mama Furaha alikuwa anaangalia upande wa ziwa. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Umeanza kukanda?"

Mwanangu, nimezeeka na swali hilo. Kwa hiyo nikuambie waziwazi, usije ukasema sikukuambia. Utakapokuwa kazini, na mtu akakuletea kitu alichokibeba kwa shida, akakutazama machoni akiomba jibu, yeye tayari anataka jibu fulani, na utatamani kumpa. Usimpe. Inuka ukachukue chupa. Kama hujui, sema sijui, na uvumilie ile aibu, itapita kabla ya jioni. Muulize anakwenda kukifanyia nini na anakaa wapi, muulize kwa sauti ambayo haitamwogopesha yeye wala wanaomficha. Na ukikosea, kwa maana utakosea, nenda mwenyewe, kwa miguu yako, ukaseme.

Mungu akujalie subira mikononi na ukweli mdomoni. Akuepushe na shukrani usiyoistahili, na akiiruhusu ikufikie, akupe nguvu ya kuirudisha. Miguu ya watu ibaki na uhai wake popote utakapopita. Amina.