Kilio Chini ya Chumvi

Eduvina Challapa hakumlilia mumewe. Casimiro alimpiga miaka kumi na tisa, mpaka siku machimbo ya chumvi yalipomporomokea na mwili wake usionekane tena. Wanawake wa kambi ya wachimbaji walipokuja kuomboleza, Eduvina aliwapa chai ya majani ya koka na kuwaambia wazi kwamba la kuvunda halina ubani.

Krismasi ilipokaribia, tundu moja kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya nyumba yake likaanza kulia. Pale kambini kila mtu alijua maana yake: roho ya mchimbaji imenasa. Jamaa za marehemu hufunika tundu kwa bamba la chumvi, wakasali, wakamwagia maji. Chumvi ikikauka hushika kama saruji, na roho hulala.

Eduvina alifunika, akamwagia maji. Sala hakusoma ng'o. Alipiga magoti akamtolea uvivu Casimiro, tusi juu ya tusi, siku tano mfululizo, mpaka kilio kikakatika. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemnyamazisha yule mwanamume, na utamu wake haukusemeka. Mwaka uliofuata tundu lililo kando yake likalia; akajua Casimiro amehamia humo, akaliziba nalo. Kila Jumapili alikwenda kumtukana, akarudi amenawiri.

Mwaka wa tatu Fermin, mdogo wake Casimiro, alipata habari, akaja na mtaimbo.

"Shemeji, umemfukia kaka yangu kama mbwa. Leo namfungulia, nimsomee sala."

"Kamsomee kwako. Huyu wangu, sijamaliza naye."

"Utamaliza lini?"

"Yeye alijipa miaka kumi na tisa. Mimi hata mitatu sijafika."

Fermin akampiga kikumbo, akavunja bamba. Shombo la mafuta likawapanda puani. Ndani kulikuwa na ndege mdogo mweusi, mkavu, wa kuenea kiganjani, miguu yake ina utando kama ya bata. Alikuwa amelalia yai moja. Wakavunja bamba la tundu la pili: ndege, na yai.

"Hawa nimewaona baharini nikivua dagaa," Fermin akasema, akapiga ishara ya msalaba, uso umemkunjuka. "Kumbe wanazalia huku. Basi kaka alishapumzika siku nyingi."

Neno hilo lilimchoma Eduvina kuliko kofi lolote la marehemu. Kapumzika! Matusi yote yale yalikuwa yamemwangukia ndege anayeatamia, na Casimiro hakusikia hata moja, sawasawa na alipokuwa hai.