Binti Yangu Alivyowaka Moto Endagikot

Jamani, nichekeni tu. Baridi ya juzi asubuhi hapa kijijini kwetu Endagikot ilikuwa kali, mke wangu kaenda mnadani, nikabaki na Neema wetu wa miaka mitatu. Nikamvika sweta juu ya sweta, nikamfunga blanketi, nikamkalisha karibu na moto. Kumgusa shingoni, anaungua! Nikadandia bodaboda mpaka zahanati.

"Shikamooni wazee wangu, nipisheni, mtoto ananifia!"

Foleni nzima ikasimama kunipisha. Nesi akamvua blanketi, akamvua sweta, akamvua sweta nyingine, na nyingine. Akasubiri kidogo, akampima.

"Hana homa, baba. Lakini ukiwa na wasiwasi, mlete tu."

Nikatoka kwa nesi na Neema, sweta zote kwapani. Bibi mmoja kwenye benchi akamwonea Neema huruma.

"Pole mjukuu wangu. Unaumwa nini?"

Neema akajibu, zahanati nzima ikasikia: "Sweta!"