Jina la Kumnyamazisha Mtoto

Mama anayeanika omena, dagaa wa ziwani, kando ya Dorca pale ufuoni Dunga huitwa Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa kuwa huko ndiko alikotoka alipoolewa. Alikuwa na mdomo mkali. Ndege akitua kwenye omena, alirushiwa kandambili na tusi juu. Tangu ajifungue, miezi miwili sasa, ndege wanakula mpaka wanashiba naye anawatazama tu. Maziwa yanamlowesha blauzi, hapangusi. Ukimjulia hali anajibu, “Mtoto yuko sawa,” maana hilo ndilo watu huuliza.

Jumamosi mtoto alilia asubuhi nzima. Mama mkwe wa Nyar Asembo akaja na dawa anayoijua: mtoto wa hivyo anadai jina la marehemu wa ukoo, na akitajiwa lililo lake hunyamaza. Akampakata, akaanza kuwaita waliokufa mmoja mmoja. Obonyo. Ondiek. Nyar Asembo alikaa juu ya gunia, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine, machozi yakimtiririka bila sauti. Dorca aliyaona. Wiki nzima ameyaona, na kila siku amejiambia ni jua.

Kwa jina la Ouma, mtoto akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele, Dorca akiwashinda wote.

“Umeona?” mama mkwe akasema. “Shida imeisha.”

“Imeisha, Mama,” Nyar Asembo akajibu, bado analia.

Hapo Dorca akataka kumwita mwenzake kwa jina lake mwenyewe. Miaka minne wameanika pamoja, na hajawahi kumuuliza ni lipi.