Majani ya Chini ya Mijohoro

Mama yangu hakujua kusoma kitabu, ila uwanja aliusoma. Kila jioni aliufagia mpaka ukawa laini kama unga, na asubuhi, kabla mtu hajatia mguu, alisimama mlangoni akatusomea: hapa kapita kicheche, hapa kuku wa jirani, hapa nyoka, kaingia kwenye kuni. Siku moja akamsomea baba.

“Hii miguu ya jana imekwenda ikiyumba.”

“Nilikuwa nafukuza mbuzi.”

“Mbuzi wa kwenye mtungi wa pombe?”

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kwa watu wengine alikuwa mkorofi, lakini kwa mama hakuwahi kushinda. Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe, kwa hiyo usomaji wa mama ndio nilioushika, na haya ninayoandika msione ajabu yakienda huku na huku.

Nilipooa, mama akamrithisha mke wangu ufagio. Tukaja kujenga hapa Nyasubi, Kahama, nyumba ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, maana saruji ilitushinda. Nyuma nikapanda mijohoro miwili. Imekuwa mikubwa, kivuli chake kizito, chini yake hayaoti hata magugu. Mke wangu alifurahi: uwanja mtupu, safi. Akafagia asubuhi, akafagia jioni, miaka yote hiyo. Mwanzoni mlango wa nyuma ulikuwa na ngazi moja. Baadaye nikaongeza ya pili. Nilipoongeza ya tatu nilijisifu kwamba nyumba yetu inakwenda juu kama ya tajiri. Sikuona kwamba ni ardhi iliyokuwa inashuka. Msingi ukatoka nje kama fizi za ng'ombe mzee, na ukuta wa chumba tunacholala ukafunguka ufa wa kupitisha kidole.

Aliyeelewa jambo hilo ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mzee mwenzangu. Alikuwa amemaliza ujana wake kwenye dhahabu huko Geita, na kazi yake ilikuwa kuweka matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafukie watu ndani ya shimo. Maneno yake machache, yangu mengi, kwa hiyo tulipatana. Akatia kidole kwenye ufa, akautazama uwanja.

“Mvua za mwaka huu ukuta huu hauvuki.”

“Dawa yake?” Nilitegemea aseme saruji.

“Majani.”

Nilimcheka mbele ya uso wake. Mpaka leo naona aibu.

Ilikuwa bado miezi mitatu mvua zije. Akaenda Geita, mtaa wa Kalangalala, kwenye ua wa mama lishe aliyewahi kuwapikia, akarudi na vipande vya jani linalotambaa, juu lina mistari ya fedha, chini ni zambarau, jua kali halilitaki. Nilikaa nikamtazama. Sijaona mikono mikubwa vile ikifanya kazi kwa upole vile. Alilegeza udongo bila kujeruhi mzizi wa mti, akachanganya samadi iliyooza na pumba za mpunga, akachomeka kila kipande kifundo kikiwa ndani ya ardhi, shubiri moja mpaka kingine. Akanyweshea maji ya kuoshea mchele.

Kesho yake mke wangu akafagia vyote.

“Mwangaluka, mayo,” mpangaji alimwamkia Kisukuma, ingawa si Msukuma. “Umefagia shamba langu.”

“Shamba! Hilo pango la nyoka. Wageni watasema mwanamke wa nyumba hii amekufa.”

Mpangaji akapanda tena. Mke wangu akafagia tena. Hiyo mara ya pili nilimwona kwa macho yangu, nikainama nikajifanya natafuta kiatu.

Mtu mwingine angegomba. Yeye alisema tu, “Mama, nipe mti mmoja. Wa pili fagia utakavyo. Mvua ya kwanza itaamua.” Mke wangu akakubali, nadhani kwa kutaka kumwumbua.

Basi yakashika. Kahama nzima ilikuwa rangi ya vumbi, mbuzi wanatafuna maboksi, na chini ya mjohoro mmoja kumelala blanketi la kijani na zambarau, mbichi, halijui kama ni kiangazi. Mpita njia akichungulia anasimama.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Mpangaji akatega makarai mawili, moja maji yanapotokea upande uliofagiliwa, moja upande wa majani. Ilipokatika akamwita mke wangu. Karai la majani lilikuwa na maji ya rangi ya chai. La pili lilikuwa uji mtupu wa udongo mwekundu.

Mke wangu akatia mkono. “Leta tuuoshe basi, mchimbaji. Pengine tutapata dhahabu.”

“Hakuna dhahabu humo, mama. Kuna nyumba yako.”

Mke wangu alibeba karai akaumwaga ule udongo pale pale kwenye msingi, akaukandamiza kwa kiganja. Asubuhi nilimkuta amepiga magoti chini ya mti wa pili, anachomeka vipande, shubiri kwa shubiri. Alijiachia njia moja tu, upana wa hatua, kutoka mlangoni mpaka getini.

“Hapa pangu,” akasema, ufagio mkononi. “Nyoka akitaka kuja kwangu atasaini hapa kwanza.”

Ukuta ulivuka mvua zile, na zilizofuata. Majani yanashika udongo, yanashika na yale yanayopukutika juu, na ngazi ya tatu, ile ya chini kabisa, imeanza kuzama ardhini. Ufa nimeuziba kwa tope, haujarudi.

Asubuhi moja mke wangu aliniita mlangoni, anasoma ile njia yake.

“Katoka na viatu vya safari. Hapa kapiga goti, kakata vipande. Hapa kainua mzigo.”

Nikakimbilia getini. Mpangaji alikuwa ameshafika mbali, anaelekea yaliko magari ya Buseresere, gunia la vipande vya kupanda aendako limelowa begani, maji yanamchuruzika mgongoni. Nikamwita. Akainua mkono bila kugeuka, akaendelea kutembea. Hakurudi tena.