Kuipa Runinga Mgongo

Juzi nilikuwa nyuma ya duka langu hapa Mukuyuni, nimekaa na ungo nachambua ndengu, mwanangu akanijia na swali ambalo kwake lilikuwa la mchezo tu. Amepata mashine ya gemu, ya mtumba lakini nzima, pamoja na gemu tatu za mfululizo mmoja. Gemu hizo zina riwaya zake, nazo ni tatu, na wenzake shuleni wamegawanyika. Wako wanaosema usome riwaya kwanza ndipo gemu ikuingie vizuri. Wako wanaosema ukisoma kwanza umejimalizia uhondo wote. Nikamuuliza, kwa kumridhisha tu, hizo gemu zinahusu nini. Akaniambia ni habari za mlinzi wa daraja aliyefukuzwa kwao, anayevuka nchi yenye mito mingi akiwatafuta ndugu zake. Ni za zamani, akasema, zimetengenezwa upya.

Ungo ulinitoka mikononi. Ndengu zikatawanyika sakafuni na kuku wa jirani wakapata sikukuu. Mwanangu alicheka, mimi sikucheka. Swali hilo nililisikia nikiwa msichana mdogo kule Mutomo, na nyumbani kwetu halikuwa la mchezo. Lilimhusu kaka yangu, na mpaka juzi nilidhani najua nani kati yetu alikuwa na haki.

Tulilelewa na nyanya, ambaye sisi tulimwita susu, kama Wakamba wengi. Baba na mama walikuwa mbali wakitafuta riziki. Susu alikuwa mwanamke wa kanisa, mkali wa mdomo na mwepesi wa mkono, mwenye meno yaliyochongwa kwa mtindo wa wasichana wa enzi zake. Mtindo ule ulikuwa umepitwa zamani, kwa hiyo alicheka akiwa ameficha mdomo kwa leso. Ukiniuliza boma lake lilinukaje, nitakuambia lilinuka moshi wa kuni, vumbi la mbuzi wanaorudi jioni, na muthokoi uliochemka tangu asubuhi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, pamoja na mbaazi. Mto wetu ulikuwa wa mchanga mtupu. Ulichimba shimo, ukangoja maji yajikusanye polepole, ukachota kwa kata, ukangoja tena. Tulikua tukijua kungoja, na sidhani kuna aliyejua zaidi ya kaka yangu.

Jirani yetu alikuwa na duka la sukari na mafuta ya taa. Ukoo wake ulitoka pwani vizazi vingi nyuma, na Kiswahili chake kilitufanya tuone haya kufungua midomo. Nyuma ya pazia la duka aliweka runinga na mashine ya gemu, na jenereta ikianza kunguruma baada ya shule, watoto wa soko zima walijua ibada imeanza. Jua likishuka alizima. Wengi tulibonyeza tu vitufe, maneno ya Kiingereza yalipita kama gari la serikali. Kaka ndiye aliyesimama na kututafsiria kwa Kikamba yule mlinzi wa daraja anasema nini na kwa nini analia.

Mwalimu wa Kiingereza alimkuta hapo siku moja. Badala ya kumchapa, alimwambia kuwa hadithi ile ina vitabu, na yeye anavyo. Akamletea cha kwanza. Tangu siku hiyo kaka akawa kichekesho cha soko. Alikuja nasi dukani kama kawaida, lakini alikaa mlangoni akiipa runinga mgongo, kitabu kikiwa magotini, asione hata kidogo mpaka afike mwisho. Watoto walimzomea. Jirani alimwambia, "Subira huvuta heri, kijana, lakini jenereta haina subira."

Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Alinijibu tukiwa mtoni, kichwa kimeingia shimoni akichota. "Ukicheza kwanza, ukisoma utaona tu ile mto ya runinga," alisema. "Mimi nataka kwanza nione yangu."

Alipomaliza kitabu cha kwanza akacheza gemu ya kwanza, na jamani, ungemwona. Alijua kila mlango kabla haujafunguka. Tulijazana nyuma yake, jasho na harufu ya mafuta ya taa, naye akitusimulia huku vidole vikienda. Ikafuata ya pili, ikawa vivyo hivyo. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuirudia, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa vizuri na nina watoto wenye afya.

Kisha kikaja kitabu cha tatu. Mwalimu alikuwa amemdokezea jambo moja tu, kwamba humo mlinzi anafika baharini. Kaka hakuwa ameona bahari. Maji mengi aliyoyajua ni mafuriko ya siku moja, ule mto wa mchanga ukigeuka kahawia na kubeba miti.

Wakati huo alikuwa ameanza kulalamika kwamba taa ya chemli ni hafifu. Jioni alipiga teke sufuria, akakanyaga vifaranga, susu akamwita kipofu kwa utani kama wazee wanavyotania. Kwa kuwa jioni hakuweza kusoma, alikwenda na kitabu malishoni mchana. Hapo ndipo alipogusa kitu ambacho susu hakukitania. Kwetu hadithi zilikuwa za jioni, watu wakishakula. Susu alilelewa akiambiwa kwamba hadithi ya mchana hupoteza mbuzi, na ingawa alikuwa ameacha mambo mengi ya zamani mlangoni mwa kanisa, hilo aliingia nalo.

Na kweli mbuzi akapotea. Beberu mkubwa, aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya karo. Kaka aliapa kwamba hakumwona akitoka, na kwamba hakuwa hata anasoma wakati ule. Susu hakutaka kusikia. Alisema ameonya, na kitabu kimekula mbuzi. Ni jirani aliyeingilia kati. Alikuwa amemwangalia kaka akinyoosha mkono kuchukua chenji na kuikosa, akamwambia susu ampeleke mtoto hospitali kabla hajampeleka kwa fimbo.

Daktari wa macho alieleza kwa Kiswahili chepesi ili susu aelewe. Alisema mtoto anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, usiku bomba linazibwa kabisa, na kadiri miaka inavyokwenda litazidi kuwa jembamba. Dawa hakuna. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikitazama viatu vya susu.

Basi swali likawa hilo, kitabu kwanza au gemu. Jirani alisema mara moja kwamba kaka aje acheze gemu ya tatu wakati wowote anaotaka, peke yake, bure. Mimi nikasimama upande wa jirani kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia kaka kwamba kitabu mtu anaweza kusomewa hata akiwa kipofu, lakini gemu hakuna atakayemwonea. Aende akaione bahari sasa hivi. Kwangu lilikuwa jambo rahisi kama kuokota kuni kabla ya mvua.

Akanitazama kwa ile namna yake mpya, akigeuza kichwa kizima kunitafuta. "Zile picha za runinga ni za wenye walitengeneza," alisema. "Zile nimesoma ni zangu. Macho yakienda, nitabaki na gani?"

Nilimkasirikia hata nikalia. Yeye akaendelea kukaa malishoni na kitabu, akisoma polepole sasa, neno kwa neno, kidole kikiongoza jicho. Hakuwa amefika nusu yake kitabu kilipotoweka.

Tulikitafuta kila mahali. Kaka alipekua nyasi za malisho kwa viganja. Alimwomba mwalimu msamaha, mwalimu akasema kinaweza kupatikana kingine, lakini hakikupatikana. Nikamwambia sasa basi, twende dukani. Akasema kitaonekana tu, angoje kidogo. Mvua za vuli zikapita, za masika zikakosa kuja kama kawaida yake, naye akangoja. Alikaa mlangoni kwa jirani akiipa runinga mgongo, mikono mitupu, huku wengine wakicheza ile gemu ya tatu nyuma yake. Sauti ya mawimbi ilipoanza aliziba masikio.

Waliporudi hospitali mara ya pili, daktari alirudia yale yale, na kusema bomba limekuwa jembamba zaidi. Susu alirudi nyumbani bila neno, akaenda ghalani, akaingiza mkono katika chungu kikubwa cha kunde, akatoa kitabu kikiwa na majivu ya kuzuia wadudu. Alikuwa amekificha humo akiamini kwamba hadithi ya mchana ikishakula mbuzi inaendelea na macho, na mtoto akitengwa nayo macho yatarudi. Hakuna mtu Mutomo aliyempenda kaka kuliko yeye. Alikipangusa kwa leso na kumwekea mikononi.

"Mwana wakwa," alisema, "nilidhani nakutunzia macho."

Kaka alikifungua. Alikisogeza mpaka pua ikagusa ukurasa, akakigeuza upande wa mwanga, akakigeuza tena. Kisha akakifunga na kunipa mimi. Hakumgombeza susu, wala siku hiyo wala baadaye, na susu alitamani angegombezwa.

Nilikisoma jioni, baada ya kula, kama susu alivyotaka tangu mwanzo. Nilisoma Kiingereza changu cha kujikwaa, kisha nikageuza kwa Kikamba ili susu afuate. Ilichukua muda. Maneno mengine sikuyajua na kaka alinifafanulia. Susu alikuwa akichambua mbaazi gizani, na nikisita aliuliza, kisha? Tulipofika baharini kaka aliniomba nirudie ukurasa, na nikaurudia mpaka sauti ikakauka. Nilimwona akiwa amefumba macho, anatabasamu, nikaamini kwamba alikuwa na haki na mimi nilikosea.

Kesho yake baada ya kumaliza, nilimshika mkono kwenda dukani ili angalau aone kidogo kupitia lile bomba lake. Pazia lilikuwa limeondolewa. Jirani alikuwa amehamisha biashara Mwingi kwa nduguze, pamoja na mashine.

Kwa hiyo juzi, baada ya kuokota ndengu zangu, nilimwambia mwanangu kwamba jibu ninalo. Kitabu kwanza, ili apate picha zake mwenyewe. Nilimsimulia habari za kaka kwa majivuno. Lakini nikaona si vizuri kumsemea mtu aliye hai, nikampigia. Yuko Mutomo bado, kwenye boma la susu, anafundisha kwaya ya kanisa kwa sikio tu. Nikamweleza ni gemu zile zile. 

"Mwambie acheze kwanza," alisema.

Nikamuuliza kama amesahau maneno yake. Akasema hakusahau. Akasema ile bahari yake aliitunza vizuri, lakini kwa kuwa aliijenga kwa maji ya mto wetu, imezidi kuwa kahawia mwaka baada ya mwaka, na sasa hata miti inapita juu yake. Angependa kujua ile ya wenyewe, waliotengeneza gemu, ilikuwaje. Mtoto akifika kwenye gemu ya tatu, ampigie mjomba wake, amweleze anaona nini.

 Nilifikiria lile duka, ambamo sasa wanauza simu, na jenereta, na yale magoti yenye kitabu. Nilikuwa karibu kuaga aliponiuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, kitu ambacho alisema kimekuwa kikimsumbua tangu tumzike susu. Anaikumbuka sauti yake yote, hata kikohozi. Lakini yale meno yake yaliyochongwa, yalikuwa ya juu au ya chini?

Nilifungua mdomo nimjibu. Mawazoni niliona leso, mkono ukiinuka, na macho yake yakicheka juu ya kitambaa. Nilikaa na mwanamke yule miaka yote hiyo, macho yangu yakiwa mazima, na meno yale sikuyakumbuka.