Karatasi Nyeupe ya Mshika Taa

Mtaani walimwita Mkasi, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka thelathini na kitu alipiga video za harusi, mahafali na uzinduzi wa maduka, kisha akajifungia chumba cha nyuma na kukata. Alikata wajomba waliosinzia, hotuba zisizojua kituo, na shangazi aliyepita mbele ya kamera na sinia mara nne. Mteja alipewa saa moja safi, bila kikohozi. Ukimwambia kazi yake ni kupiga picha, mmekosana. "Kupiga, kila mtu anapiga," alikuwa akisema. "Kazi ni kujua cha kutupa."

Lakini kinyozi hajinyoi. Marehemu mkewe alikuwa mshika taa wake miaka tisa mfululizo, na mtu aliye nyuma ya taa haonekani. Alipofariki, binti yao alikuwa na miaka mitano. Zilibaki picha tatu, zote za studio, zote amenuna kwa kuambiwa asitikisike. Sauti haikubaki hata neno moja. Binti alipokuwa mdogo aliuliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje?" Mkasi akamwambia aliongea taratibu. Alipokua akauliza tena, akajibiwa vilevile. Kisha akaacha kuuliza, na huko kuacha kulimuuma Mkasi kuliko maswali yenyewe.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, na kazi yake ilimshinda baba yake kuielewa. Aliokota taarifa za habari, matangazo ya sabuni, mahubiri, mechi za mpira, hata jumbe za sauti kutoka simu za watu waliokubali kumpa. Akavikatakata, akaviunga upya, akavirusha vyote kwa pamoja kwenye skrini kumi na mbili mbele ya watu. Mkasi alimwita Bi Kelele.

"Mimi nimemaliza maisha yangu napunguza, wewe unajaza," alimtania.

"Si ndivyo tunavyoishi, baba? Tunamwagiwa vyote kwa mpigo. Nataka watu wakae humo ndani watafute kitu kimoja cha kushika."

"Kitu gani?"

"Ningekijua, ningehangaika hivi?"

Wiki ya onyesho binti alimwomba baba yake kanda zake za zamani, zile ghafi, zisizopita kwenye mkasi. Za miaka ile tisa zilikuwa mia nne na kumi, zimelala kwenye makasha juu ya kabati, maana Mkasi alitupa vipande lakini kanda yenyewe hakuitupa hata siku moja. Alichukua ishirini na mashine ya kuzichezea, mashine yenye kiburi isiyomsikiliza mtu mwingine, akavipeleka ukumbini. Lilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeusi, waya zimetambaa kila upande. Akapewa kiti, meza na maagizo: kila kanda aisogeze mbele mpaka shughuli ianze, ndipo airushe kwenye skrini ya kumi na mbili.

Asubuhi ya mazoezi skrini kumi na moja zilikuwa zikipiga kelele: bei ya mafuta, kipa aliyefungwa, mhubiri, mtu anayeuza magodoro. Kichwa kikamzunguka. Akatia kanda ya kwanza, akasahau kuisogeza.

Skrini yake ikawa nyeupe tupu.

Kamera za zamani zilikuwa hazijui rangi mpaka zifundishwe. Kabla ya kazi ulizionyesha karatasi nyeupe chini ya taa, zijue weupe ni upi, na rangi nyingine zifuate. Aliyeishika karatasi hiyo alikuwa mshika taa. Zilikuwa sekunde sita hivi mwanzoni mwa kila kanda, na Mkasi alizikata bila kuzitazama wala kuzisikiliza, kama mtu anavyomenya kitunguu.

Pembeni ya karatasi palikuwa na kidole gumba chenye plasta. Akainama kwenye spika ndogo ya mezani. Sauti ya mwanamke, ya haraka, iliyobeba kicheko: "Haya bwana, weupe wako huo. Fanya hima, mkono wangu si wa chuma!"

Mkasi alizima mashine. Ng'ambo ya ukumbi binti alikuwa juu ya ngazi akifunga waya, na katika makelele yale hakusikia kitu. Angeweza kusogeza kanda kama alivyoagizwa, na dunia isijue. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Aliogopa kwamba mtoto atamchukia.

"Mama," akaita, "hebu shuka."

"Baba, subiri, nimening'inia hapa!"

"Shuka. Na hizo nyingine zizime zote."

Akamchezea kanda ile. Binti alisikiliza amesimama, mikono kifuani. Akaomba irudiwe, ikarudiwa.

"Ulisema aliongea taratibu."

"Nilikuwa nimesahau," Mkasi akasema. "Nikaona haya kukwambia nimesahau. Miaka ishirini na tano nakwambia hakuna kitu, kumbe nilikuwa namkata mimi mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

Binti alizitazama kanda kumi na tisa zilizobaki mezani. Mkasi akanyoosha mkono achukue ya pili, naye akamzuia. "Hizi tutazisikia leo saa kumi, pamoja na watu," akasema. "Usisogeze hata moja."

Saa kumi ukumbi ulijaa. Kwa nusu saa watu walimwagiwa kila kitu, wakageuza shingo huku na huku mpaka wakachoka. Kisha binti akazizima skrini moja moja, ikabaki ya Mkasi. Karatasi nyeupe, kidole, sauti. "Karatasi imekunjamana, lawama si zangu." Watu wakacheka. "Leo bwana harusi kachelewa, na wewe ulichelewa vilevile." Wakacheka zaidi, na Mkasi akacheka huku machozi yakimtoka.

Kanda ya kumi na saba, karatasi ilikuwa inatetemeka. "Leo tumalize mapema. Mtoto ana homa, nimemwacha kwa jirani. Mimi niko hapa, roho yangu iko kwake."

Hakuna aliyecheka. Kule kwenye swichi, binti aliinua mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akauacha hapo.