Fanueli wa Ruanda, Aliyeipenda Tanga

Fanueli alizaliwa Ruanda, huku Mbozi kwenye ukungu na udongo mwekundu, lakini alizungumza habari za Tanga kama mtu anavyozungumza habari za mama yake. Alikwenda huko angali kijana, enzi za Mwingereza, akakata mkonge mpaka viganja vikaota sugu. Kisha fundi seremala mmoja wa Kidigo akamchukua, akamfundisha kushika randa na patasi. Huko alijifunza na mengine: kula wali wa nazi, kuketi barazani alasiri, kumsalimu kila apitaye bila haraka. Bahari ndiyo iliyomshinda. Mtu wa milimani, ukimwonyesha kitu kisicho na ng'ambo, atasema nini?

Alikuwa ameacha mke nyumbani, Tabita, na watoto wadogo. Mwaka uliofuata ule wa nzige alirudi na shauri moja: awachukue, wahamie Tanga. Fundi wake alikwisha kuwatafutia chumba. Tabita alikubali, mradi wakaage kwanza kwao.

Hapo ndipo Fanueli alipokosea. Zamani zile, huku kwetu, mwanamume hakutazamana na mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja alijitenga vichakani mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Siku hizi wakwe wanakula meza moja, wanataniana, kisha wanatukanana, na hayo ndiyo yanaitwa maendeleo.

Basi Fanueli, ambaye pwani ilikuwa imemwingia, alimkuta mama mkwe wake, Ruti, akianika ulezi uani. Akamwendea kwa furaha, akamshika mkono, akaubusu kama wafanyavyo Tanga.

"Shikamoo, mama!"

Mama Ruti alitupa ungo, akajifunika uso, akakimbilia ndani. Yonasi, kaka yake Tabita, alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji! Huko wamekulisha samaki gani? Bado kidogo ungemwomba akubebe mgongoni!"

Baba mkwe hakucheka. Alimtuma mzee Boazi, aliyekuwa mshenga wa ndoa ile.

"Njia imefungwa," Boazi alisema. "Tabita na watoto wanabaki hapa mpaka uisafishe. Utalima shamba la mama mkweo msimu mzima, wala usimtazame."

"Msimu mzima? Mzee, fundi wangu hatanisubiri."

"Basi nenda kwake, akakuoze binti yake."

Mwinjilisti mmoja alimwambia kwamba Mungu hajafunga njia yoyote, achukue mke wake waondoke, yeye atamsindikiza. Fanueli alimshukuru, akaenda kutafuta jembe. Alisema angeondoka hivyo angekuwa na mke, lakini watoto wangekuwa hawana bibi.

Akalima. Kila adhuhuri alikuta kikapu mwisho wa shamba: ugali wa ulezi na maharage, umefunikwa kwa jani la mgomba, na aliyekileta amekwisha kutoweka. Siku moja homa ilimlaza chini ya migomba. Akasikia sauti ya mama Ruti nyuma ya ua, ikisema na mbuzi aliyefungwa pale, maana mkwe hasemeshwi:

"Wewe mbuzi, dawa imo kibuyuni. Inywe yote. Watoto wako wanakungoja."

Fanueli akainua jembe lake, akaliambia, "Jembe, nenda ukaseme mbuzi amekunywa. Chungu kweli!"

Nyuma ya ua mtu alicheka, akaziba mdomo.

Mavuno yalipoingia, Boazi aliifungua njia. Habari zilikuja pia kwamba fundi wa Tanga amechukua mtu mwingine, ingawa Fanueli angerudi asingekosa kazi kabisa. Tabita alikuwa amefunga mzigo.

"Twende basi. Si ndicho ulichokuwa unalimia?"

"Na lile shamba atalima nani?"

"Yonasi yupo."

"Yonasi anacheka kuliko anavyolima." Akaufungua ule mzigo mwenyewe. "Tanga naipenda, mama watoto. Lakini huku nimekwisha kuwa mbuzi wa mtu."

Wakabaki. Alitengeneza viti vya kanisa la Mbozi Mission, vitanda vya maharusi, milango inayofunga sawasawa mpaka leo. Akapanda kahawa, ikawasomesha watoto. Mbele ya nyumba alijenga baraza ya kipwani, na wapitao walisalimiwa mpaka wakachoka. Hakusikika hata siku moja akilalamika. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa ile homa.

Miaka mingi baadaye mama Ruti, amezeeka, alimwambia bintiye, "Mpeleke mumeo akaione tena ile bahari yake. Shamba lina watu sasa."

Wakapanda lori, kisha treni, kisha meli. Tabita alisimama ufukweni Tanga, akatazama muda mrefu.

"Kumbe uliacha yote haya kwa ajili yetu," alisema.

Fanueli alimshika mkono, akamwambia apandishe kanga, maji yanakuja.